Mama amebanika samaki miaka 35, sasa anasahau. Je, ni moshi?

Shikamoo Shangazi,

Ninakuandikia kutoka Kirumba, hapa Mwanza. Ni usiku, mama amelala, na mlango wake nimeufunga kwa kufuli kwa nje. Sikuwahi kuwaza kwamba ipo siku ningemfungia mama yangu mlango.

Mama ana miaka 71. Kwa miaka 35 amenunua sangara na sato mwaloni, akawabanika kwenye banda nyuma ya nyumba, akauza. Banda lenyewe ni mabati yaliyozungushwa na paa la chini. Ndani kuna mapipa mawili yaliyokatwa, juu wavu wa chuma, chini kuni. Watoto sita tumesoma kwa banda lile. Mama alikuwa anamjua samaki aliyeiva kwa kumbonyeza nyuma ya kichwa kwa kidole gumba, basi. Hesabu zote alikuwa nazo kichwani: nani anadaiwa, kiasi gani, tangu lini. Aliishia darasa la nne, lakini sijasikia mchuuzi aliyewahi kumpunja.

Mwaka juzi alianza kusahau madeni. Tukacheka naye, tukasema ni uzee. Mwaka jana akawa anauliza jambo lilelile mara nne, mara tano, chai haijapoa. Mwezi uliopita nilimkuta bandani amezikunja kanga zake vizuri kabisa, amezipanga kwenye wavu, anazigeuza mojamoja kama samaki. Namshukuru Mungu moto ulikuwa haujawashwa.

Kinachonitisha zaidi ni usiku. Anaamka saa nane, anasema mitumbwi imefika, anatafuta beseni lake la bati lenye maua ambalo alikuwa akiendea nalo mwaloni. Wiki mbili zilizopita alitoka, akaenda kusimama mlangoni kwa jirani, kimya, amejifunika kanga. Jirani alipofungua alipiga yowe mtaa mzima ukaamka. Tangu siku hiyo maneno yameanza. Macho ya mama ni mekundu miaka yote, na wewe unajua huku kwetu macho mekundu ya kikongwe yanasemwaje. Mtoto mmoja amemwita "bibi mchawi" mimi nikiwa palepale.

Kaka yetu mkubwa anasema mama amerogwa, tuchange hela tumpeleke kwa mganga kijijini. Mimi nimesoma kwenye simu kwamba moshi na hewa chafu vinaleta ugonjwa wa kusahau. Tangu nisome hivyo silali. Kama ni kweli, basi ada yangu ya shule ndiyo iliyommaliza mama. Na mdogo wangu wa mwisho ndiye aliyerithi banda, anabanika akiwa na mtoto wa miezi minane mgongoni. Nikimwambia aache, tutakula nini? Naomba uniambie ukweli.

Binti wa Kirumba

*

Marahaba mwanangu.

Naanza na usiku, moshi nitaufikia, kwa sababu katika yote uliyoniandikia, la usiku ndilo linaloweza kumwondoa mama yako upesi.

Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuna haja ya kuelezwa. Usukumani bibi zetu wameuawa kwa mapanga, na ushahidi uliotolewa dhidi yao ulikuwa macho mekundu. Macho yale yaliwekwa wekundu na jiko. Mwanamke anayeinamia kuni kavu, kuni mbichi na samadi ya ng'ombe miaka arobaini hawezi kuwa na macho meupe kama ya karani. Mimi mwenyewe nimelelewa na bibi mwenye macho hayo, na nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba wale waliokuwa wanatupita mbali njiani walikuwa wanamkwepa yeye. Kwa hiyo maneno ya mtoto yule usiyapuuze. Mtoto hulisema lililosemwa na wakubwa ndani.

Kesho, mchana, mchukue mama kwa mkono. Mfuate mwenyekiti wa mtaa au mjumbe wenu, mwende pamoja kwa yule jirani. Mwambie waziwazi: mama ni mgonjwa, ugonjwa wake unaitwa usahaulifu, unamfanya auone usiku kuwa alfajiri na mlango wako kuwa mlango wake. Mwachie namba yako ya simu, umwombe akimkuta tena amshike mkono, amkalishe, akupigie. Mama akae hapo, anywe chai, asalimiane na watu, wamwone. Uvumi hunenepa pale mgonjwa anapofichwa. Na mtu yeyote akitoa kauli ya vitisho, hata kama anajifanya anatania, nenda polisi, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata, usisubiri kauli ya pili.

Kufuli la nje liondoe leo. Moto ukizuka hatakuwa na pa kutokea. Weka komeo kwa ndani, juu kabisa ya mlango ambako hana mazoea ya kupeleka mkono, na uning'inize makopo mawili yatakayolia ukifunguliwa. Kiberiti kitoke mahali pake pa siku zote.

Sasa hospitali. Anza kituo cha afya cha karibu, uombe rufaa ya hospitali ya mkoa ya Sekou Toure, na ikibidi hospitali ya Bugando, ambako wapo madaktari wa magonjwa ya akili. Mama ana zaidi ya miaka 60. Kama familia haina uwezo, uliza utaratibu wa msamaha wa matibabu kwa wazee, na uliza dirisha la wazee msikae foleni. Andika kwenye karatasi yale uliyoniandikia mimi: madeni lini, maswali lini, kanga lini. Daktari anahitaji kujua kama kusahau kumekuja polepole kwa miaka au kwa ghafla. Kukija kwa siku mbili tatu hiyo ni dharura, huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo au kiharusi. Kwa mama yako naona kumekuja polepole, lakini hata hivyo yapo mambo yanayofanana na demensia, yaani ugonjwa huu wa kusahau, ambayo yana dawa: tezi ya shingo kutofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, kaswende ya zamani, VVU, huzuni kubwa, damu iliyovujia kichwani baada ya kuanguka. Omba apimwe. Omba apimwe presha na sukari. Omba waangalie masikio, na macho pia kama yana mtoto wa jicho. Kuna wazee wanaoambiwa hawana akili, kumbe hawasikii.

Kuhusu mganga, zungumza na kaka yako kwa heshima, maana naye anampenda mama kwa njia yake. Lakini mwambie hili: mganga akishasema mama amerogwa, swali linalofuata ni nani amemroga, na jina litakalotoka pale litakuwa la bibi mwingine, jirani mwingine mwenye macho mekundu. Hizo fedha zilipie vipimo.

Haya, moshi. Umeniomba ukweli, nao ni mrefu kidogo.

Ni kweli kwamba hewa chafu inahusishwa na demensia. Moshi wa kuni, wa magari na wa taka zinazochomwa una chembe ndogo mno, zenye upana usiozidi mikromita 2.5. Unywele mmoja wa kichwani una upana kama mara 30 ya chembe hiyo. Kwa udogo huo pua haiwezi kuzizuia. Zinashuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, nyingine zinaingia kwenye damu, mishipa inavimba kwa ndani, presha inapanda, na ubongo unaoishi kwa kulishwa na mishipa hiyo unaumia kidogokidogo. Njia nyingine ni fupi zaidi: mshipa wa fahamu wa kunusia unatoka puani moja kwa moja hadi kwenye ubongo. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Barbara Maher wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichunguza ubongo wa watu 37 waliokuwa wameishi Mexico City na Manchester, wakakuta ndani yake chembe za madini ya chuma za aina inayozaliwa na moto mkali, si ile ambayo mwili hujitengenezea.

Mwaka 2020 jopo la wataalamu wa jarida la kitabibu la Lancet liliongeza hewa chafu kwenye orodha ya mambo yanayochangia demensia na yanayoweza kuzuilika. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walikusanya tafiti 51 zenye watu karibu milioni 30. Walikuta kwamba kila chembe hizo zikiongezeka kwa mikrogramu 10 katika mita moja ya ujazo ya hewa, hatari ya demensia inapanda kwa asilimia 17. Maana yake, kama katika wazee 100 wangeugua 10, sasa wataugua karibu 12. Masizi nayo yalipimwa peke yake: mikrogramu 1 tu ya nyongeza, hatari inapanda kwa asilimia 13. Masizi haya ni yaleyale unayoyakwangua kwenye bati la banda lenu.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotoshwa na kinachosomwa kwa haraka kwenye simu. Tafiti zile nyingi ni za nchi tajiri, na zilipima hewa ya nje, ya mjini, ya barabarani. Hazikupima banda la samaki. Huwezi kuchukua asilimia ile ukaizidisha kwa moshi wa mama ukapata jibu. Kwa upande wa jikoni, tafiti za China, India na Mexico zimeona kwamba wazee wanaopikia kuni na mkaa hupata alama za chini kwenye vipimo vya kumbukumbu kuliko wanaotumia gesi au umeme. Lakini anayepikia kuni mara nyingi ndiye pia aliyesoma kidogo na kutibiwa kidogo, na si rahisi kutenganisha moshi na umaskini unaoambatana nao.

Orodha ile ya Lancet ilipopitiwa tena mwaka 2024 ilifikia mambo 14, na kwa pamoja yanabeba karibu asilimia 45 ya demensia duniani. Hewa chafu inabeba asilimia 3. Kukosa elimu utotoni 5, upweke 5, kutosikia vizuri 7, lehemu mbaya kwenye damu 7. Presha na sukari zimo pia. Hiyo ni hesabu ya dunia nzima, na mwanamke aliyeinama juu ya pipa miaka 35 amevuta moshi kuliko watu wengi wa dunia hiyo. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa ndani ya nyumba isiyopitisha hewa unaweza kuwa na chembe hizi mara 100 ya kiwango kinachokubalika. Kwa hiyo mimi naamini moshi umemdhuru mama yako: macho, kifua, mishipa, na yawezekana kabisa kumbukumbu. Ila hakuna daktari, wa Bugando wala wa Cambridge, anayeweza kukuambia kwamba ndio uliomletea ugonjwa huu. Mama huyohuyo aliishia darasa la nne. Je, presha yake ilipimwa lini kwa mara ya kwanza? Na wapo waliozeeka bila kushika kuni wakaugua. Wala mama yako si peke yake: wilayani Hai, Kilimanjaro, uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliwakuta na demensia wazee 6 hivi katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea, hukohuko ambako watu walidhani ni uzee tu.

Ndiyo maana sitaki kukusikia tena ukisema ada yako imemmaliza mama. Aliyeiacha shule darasa la nne aliamua watoto wake sita wasiiache, na akaweza. Wakati ule hakuna aliyemwambia moshi una nini. Wewe umeambiwa, na mdogo wako anaambiwa leo.

Huyo mdogo wako ndiye aliyenikaa rohoni kuliko wote. Sitamwambia afunge banda. Ninajua bei ya unga. Lakini mtoto atoke mgongoni kwake kuanzia kesho asubuhi. Mapafu na ubongo wa mtoto wa miezi minane bado vinajengwa, na anapumua haraka kuliko mama yake. Mtafutieni mtu wa kumshika saa za kubanika, hata kwa zamu na mama mwingine wa mwaloni.

Kisha ng'oeni bati moja. Ndiyo, kazi ya dakika kumi. Banda liwe na uwazi juu kabisa ya paa moshi upande utoke, na pande mbili zinazotazamana ziwe wazi upepo wa ziwa upite. Mdogo wako asimame upepo unakotoka, si unakokwenda. Awaweke samaki, asogee, arudi kugeuza. Asikae palepale akipiga soga kama tulivyozoea. Kuni ziwe zimekauka hasa, maana kuni mbichi ndizo zinazotoa moshi mzito. Na zile mbinu za kuwashia moto kwa plastiki, viatu vibovu na vipande vya tairi akome kabisa, ni sumu kwake na kwa anayemla samaki. Kanga aliyojifunga puani haitoshi; inazuia majivu unayoyaona, chembe zinazodhuru zinapita.

Akipata fedha kidogo, au mkiwa kikundi cha akina mama watano, ulizeni Chuo cha Uvuvi Nyegezi kuhusu matanuru bora ya kukaushia samaki. Kuna aina ya Chorkor, iliyotokea kijiji cha wavuvi huko Accra, Ghana. Ni boksi la udongo au tofali lenye trei za mbao zilizopangwa juu kwa juu. Moto umefungiwa chini, kuni zinapungua, na samaki wengi wanaiva kwa mara moja. Aliyekokotoa hela ya kuni kwa mwezi ataelewa kwa nini nasema tanuru lile linajilipa lenyewe.

Jikoni kwenu nako, chai na mboga zipikwe kwa gesi kama mtungi mdogo mnaumudu, na maharage yalowekwe usiku ili yaive kwa moto mfupi. Serikali imejiwekea lengo la Watanzania asilimia 80 kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, lakini moshi wa leo unavutwa leo. Mkaa usiwadanganye kwa kuwa hauonyeshi moshi. Jiko la mkaa lisilale ndani ya chumba hata siku moja, hasa chumba cha mama.

Na mama asikae bure. Kulekule Hai walijaribu vikao vya vikundi kwa wazee wenye demensia, kuimba, kuzungumzia mambo ya zamani, na uwezo wao wa kufikiri na kukumbuka ukapanda, wasiwasi ukapungua. Mpe ungo na dagaa wa kuchambua, nje, mbali na moshi. Mwombe akuonyeshe samaki aliyeiva anabonyezwa wapi. Kidole gumba kile naamini bado kinajua.

Akiamka saa nane akasema mitumbwi imefika, usimbishie. Ukimwambia ni usiku, utakuwa umemwambia kwamba mwenyewe haoni, ataogopa, atapiga kelele, na jirani atasikia. Mwambie ziwa limechafuka leo, wavuvi wamechelewa, tuwasubiri kidogo. Kaa naye kitandani. Na kama lile beseni la maua bado lipo popote pale ndani ya nyumba, lilete alishike.